Zamu yangu ya kuchagua kitabu imefika, nami naogopa

Shikamoo Shangazi,

Nipo katika kikundi cha wasomaji. Tunachagua riwaya moja, kila mtu anaisoma kwa wakati wake, kisha tunakaa kuijadili. Uchaguzi unakwenda kwa zamu, na zamu inayofuata ni yangu. Wenzangu wameniongezea kazi: mbali na kitabu cha zamu, wanataka niwaandikie orodha ya riwaya za mapenzi ya wanaume kwa wanaume ninazozipenda, kwa kuwa wanajua ndizo ninazosoma kupita kitu kingine chochote. Wanajua pia kwamba mimi mwenyewe ni shoga. Hilo tulishalizungumza zamani na halina mvutano kati yetu.

Mvutano uko kwenye vitabu. Zamu iliyopita mwenzetu mmoja alichagua Giovanni's Room ya James Baldwin. Sote tulikubali kwamba imeandikwa kwa ustadi mkubwa. Lakini dada mmoja, mkubwa wetu kwa umri na ndiye aliyetukusanya, alisema kwake hiyo iwe ya kwanza na ya mwisho. "Kila nikishika hadithi ya vijana hawa, mmoja lazima afe. Sina nguvu ya kuwalilia watu wa vitabuni kila mara."

Nikamwambia zipo nyingi mno zinazoisha kwa heri. Hapo kaka mmoja, mwalimu wa fasihi, akaingilia. Zinazoisha kwa heri ni pipi, alisema, zinaliwa na kusahaulika. Mwenye kutaka ukweli wa mapenzi haya asome zenye machozi. Mwingine alinivuta kando baadaye kuniuliza kama ndani mna mambo ya chumbani. Kusoma peke yake hana tatizo, ila kuyajadili mbele ya watu anaona haya. Na wa nne, mwanamke aliyeolewa, aliuliza bila ubaya wowote: hadithi ya wanaume wawili wanaopendana inamhusu nini yeye?

Shangazi, maneno ya dada sikuyachukulia vibaya. Lililonichoma ni la kaka. Mimi ujana wangu nilisoma riwaya za huzuni nyingi kiasi kwamba niliamini ndivyo nitakavyoishia. Siku niliyokutana na riwaya ambayo wanaume wawili wanafika ukurasa wa mwisho wakiwa hai na wakiwa pamoja, nilirudi ukurasa wa kwanza nikaanza upya usiku uleule. Sasa mtu ninayemheshimu akiziita pipi, nasikia kama maisha ninayoyatamani ndiyo yanayoitwa pipi.

Ndiyo maana orodha inanishinda. Vitabu ninavyovipenda zaidi ndivyo ninavyoogopa kuviweka mezani. Nianzie kipi? Nimwambie dada mapema jinsi kitabu kinavyoisha, au hiyo ni kumharibia uhondo? Kaka nimjibu nini? Na je, niwapelekee ninavyovipenda mimi, au vitakavyowafaa wao?

Msomaji mwenye orodha ndefu

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza mengi, lakini nitaanza na lililokuchoma, kwa sababu usipolitatua hilo utaandika orodha ya kujitetea, na orodha ya kujitetea huwa ndefu na haina ladha. Utamrundikia kaka vitabu ishirini ili kumshinda, na dada atakosa hata kimoja cha kwenda nacho nyumbani.

Kaka ni mwalimu wa fasihi, basi mpelekee historia ya fasihi. E. M. Forster, mwandishi wa Kiingereza, alianza kuandika riwaya yake Maurice mwaka 1913, baada ya kumtembelea Edward Carpenter, mwandishi na mjamaa aliyekuwa akiishi waziwazi na mpenzi wake, George Merrill, kijijini Millthorpe. Forster akarudi na riwaya nzima kichwani, akaimaliza mwaka 1914. Na aliazimia kwamba watu wake wawili, Maurice, dalali wa hisa, na Alec, msaidizi wa mlinzi wa wanyama wa kuwindwa kwenye shamba la tajiri, wapendane na wabaki wakipendana. Katika maelezo aliyoyaongeza mwaka 1960 alisema bila kuficha kwamba mwisho wa heri ulikuwa wa lazima, na kwamba bila huo asingejisumbua kuandika. Kisha akaongeza jambo ambalo kaka yako anapaswa kulisikia: furaha hiyo ndiyo iliyofanya kitabu kiwe kigumu zaidi kuchapishwa. Angemaliza kwa kijana aliyejinyonga, aliona, mambo yangekuwa mepesi. Sheria ya England na Wales iliyowaadhibu wanaume kwa mapenzi haya ilianza kulegezwa mwaka 1967. Forster akafa mwaka 1970, na Maurice ikatoka mwaka 1971. Karibu miaka 60 riwaya ilikaa ikipita mikononi mwa marafiki tu, ikingoja wakati ambao furaha yake ingeruhusiwa.

Nenda na upande wa wanawake wanaopendana, historia ni hiyohiyo. Marekani mwaka 1952 Marijane Meaker alitoa Spring Fire kwa jina la kubuni la Vin Packer. Mhariri wake alikuwa amemwonya kwamba wapenzi hao hawawezi kuisha kwa furaha, maana idara ya posta ingeweza kuvikamata vitabu kwa kosa la kusifu mapenzi ya aina hiyo. Kwa hiyo machozi ya mwisho yaliwekwa kwa sababu ya posta. Mwaka huohuo Patricia Highsmith alitoa The Price of Salt, naye kwa jina la kubuni, Claire Morgan, akawaachia wanawake wake wawili mlango wa matumaini. Barua za wasomaji zikammiminikia, nyingi zikimshukuru kwa jambo hilo hasa. Hata hivyo ilimchukua mpaka mwaka 1990 kuweka jina lake halisi juu ya kitabu hicho, kikiitwa sasa Carol.

Unaona basi. Kaka anadhani mwisho wa huzuni ni ukweli na mwisho wa heri ni kumbembeleza msomaji. Kwa fungu kubwa la karne ya 20 ilikuwa kinyume: huzuni ndiyo iliyokuwa bei ya kupita kwa mdhibiti, na furaha ndiyo iliyohitaji ujasiri. Mwambie hivyo. Na mwambie mkiwa wawili, kabla ya kikao, pamoja na lile la pili ambalo ni gumu zaidi kulisema: kwamba neno lake lilikuumiza, na kwa nini. Usilizunguke. Mtu anayekuheshimu hawezi kulijua asipoambiwa, na mbele ya kikundi atalazimika kujitetea badala ya kukusikia.

Lakini usimwache Baldwin nyuma katika ugomvi huu. Giovanni's Room si kitabu cha mdhibiti. Baldwin alikuwa na jina tayari, mchapishaji wake wa awali akaikataa hiyo riwaya, akaipeleka kwingine, ikatoka mwaka 1956. Tangu kurasa za mwanzo anatuambia Giovanni atauawa, kwa hiyo hatusomi ili kujua nani atakufa. Tunasoma ili kuona David, anayetusimulia, anavyomwacha mtu anayempenda kwa sababu anajionea aibu. Anayeadhibiwa humo ni woga. Dada ana haki ya kutokitaka kitabu kingine kama hicho, ila si kweli kwamba kila kifo katika riwaya hizi kina maana moja, na hilo mnaweza kulijadili bila mtu kushindwa.

Sasa dada. Mwambie jinsi kinavyoisha, ndiyo, tena mwambie kabla hajafungua. Siyo tukio, siyo nani kasema nini wapi. Mwambie tu moyo wake utaachwaje. Wasomaji wa riwaya za mapenzi wanalijua hili kuliko wahakiki. Chama cha waandishi wa riwaya hizo nchini Marekani kiliziainisha kwa mambo mawili: mapenzi yawe ndiyo uti wa hadithi, na mwisho uridhishe moyo na uwe na matumaini. Mwenye kujua kwamba watafika salama ndiye anayeweza kuvumilia katikati, pale wanapogombana, wanapofichana, wanapoachana kwa sura tatu nzima. Uhondo wake uko katika namna watakavyofika.

Hapa ndipo wapendekezaji wengi wanapowatesa wenzao, kwa kuchanganya riwaya ya mapenzi na riwaya iliyo na mapenzi ndani yake. Call Me by Your Name ya André Aciman, ya 2007, ina mapenzi kila ukurasa, na ni nzuri ajabu kwa jinsi inavyoeleza hamu ya kijana wa miaka 17 aliyeshikwa kiangazi kizima. Lakini ni kitabu cha kupoteza. Brokeback Mountain ya Annie Proulx, hadithi fupi iliyotoka jaridani mwaka 1997, inaumiza zaidi kwa kurasa chache zaidi. The Song of Achilles ya Madeline Miller, ya 2011, iliyoshinda tuzo ya Orange ya riwaya za wanawake mwaka uliofuata, inamfuata Patroclus na Achilles mpaka Troya, na kila anayemjua Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki aliyevisimulia vita vya Troya, anajua huko kuna nini. Mimi naipenda hiyo ya Miller, na ukurasa wake wa mwisho unafariji kwa namna ambayo sitaieleza hapa. Hata hivyo si ya dada, si mwaka huu. Wengi huipendekeza kwa kila mtu kwa sababu iliwaliza wao. Kulia kwako hakutoshi kuwa sababu ya kumliza mwingine ambaye ameomba asilizwe.

Dada mpe The House in the Cerulean Sea ya TJ Klune, ya 2020. Linus Baker ana miaka 40, anaishi na paka, anafanya kazi katika idara inayosimamia watoto wenye uchawi, na maisha yake yote ni fomu na kanuni. Anatumwa kisiwani kukagua nyumba ya yatima inayoongozwa na Arthur Parnassus. Ukimsimulia dada, usimwambie "ni tamu sana, utaipenda". Mwambie kuna mtoto humo, Chauncey, kiumbe ambaye hakuna anayejua ni cha aina gani, na ndoto yake kubwa maishani ni kubeba mizigo ya wageni hotelini. Mwambie kuna mwingine wa miaka sita aitwaye Lucy, ambaye ni mwana wa Ibilisi na anapenda muziki wa santuri. Mambo mawili hayo yatamfanyia kazi kuliko sifa kumi. Mapenzi ya Linus na Arthur yanakuja polepole, kwa adabu, na hayaingii chumbani kabisa. Kitabu hiki kitamfaa pia mwenzako mwenye haya, kwa hiyo unapata wawili kwa kimoja.

Kuhusu huyo mwenye haya, mjibu kwa uwazi uleule aliokuuliza nao. Riwaya hizi zinatofautiana mno katika jambo hilo na msomaji ana haki ya kujua. Heartstopper ya Alice Oseman, hadithi ya michoro iliyoanza kutoka mtandaoni mwaka 2016, ni ya wavulana wawili wa shule, Charlie na Nick, na vitabu vyake vya mwanzo vinaishia kwenye kushikana mikono na kubusiana. Red, White & Royal Blue ya Casey McQuiston, ya 2019, ambamo mtoto wa Rais wa Marekani na mwanamfalme wa Uingereza wanaanza kwa kuangukiana juu ya keki ya harusi na kuishia kuandikiana barua ndefu za mapenzi, ina chumba cha kulala, ila mwandishi hakai humo muda mrefu. Heated Rivalry ya Rachel Reid, nayo ya 2019, iliyofanywa tamthilia ya televisheni mwaka 2025, ni ya wachezaji wawili wa hoki ya barafuni, mahasimu mbele ya kamera. Huko chumba cha kulala kinafunguliwa mapema na kinafunguliwa mara nyingi. Nami nakuomba usiiseme hiyo kwa sauti ya kuomba radhi. Shane na Ilya hawajui kuzungumza; wanachoshindwa kukisema kwa maneno kinasemwa na miili yao, na ukiruka kurasa hizo hutaelewa ni lini hasa mchezo uligeuka kuwa mapenzi. Mwambie tu mwenzako hiki ni cha kusoma peke yako, usikiweke kuwa kitabu cha zamu.

Mwanamke aliyeolewa ameuliza swali zuri na nisingependa umjibu kwa lile jibu la haraka, kwamba mapenzi ni mapenzi tu, hayana tofauti. Yana tofauti, na tofauti ndiyo inayofanya vitabu hivi visomeke. Wanaume hawa wawili mara nyingi hawajui hata kama inaruhusiwa kuuliza. Lazima wasome dalili, wapime neno, warudi nyuma. Wakishapatana, hakuna aliyewaandalia nani afanye nini katika nyumba. Kila kitu wanakipanga wenyewe, kwa maneno, kwa makosa, kwa kucheka. Mtu aliye katika ndoa anaweza kukisoma hicho kwa faida kubwa. Na mwambie hatakuwa mgeni: kina mama wengi wanaandika na kusoma riwaya hizi, na chimbuko mojawapo la aina hii ni hadithi ambazo mashabiki, wengi wao wanawake, walianza kuziandika na kupeana katika miaka ya 1970 kuhusu Kirk na Spock wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya Marekani.

Kwake ningeweka vitabu viwili. Kimoja ni Aristotle and Dante Discover the Secrets of the Universe ya Benjamin Alire Sáenz, ya 2012, inayoanza El Paso kiangazi cha 1987, siku Dante anapojitolea kumfundisha Ari kuogelea. Wazazi katika kitabu hiki si vizuizi wala si mapambo. Wanamwona mtoto wao kabla hajajiona, na mazungumzo yao karibu na mwisho ni kati ya yale ninayoyarudia. Kuna kipigo humo, umwonye. Mwisho ni wa furaha. Cha pili ni Walking with Shadows ya Mnigeria Jude Dibia, ya 2005. Hiyo si riwaya ya mapenzi kwa maana niliyoisema juu, na usimuuzie hivyo. Adrian ana mke na binti, siri yake inatobolewa na mtu wa kazini, na mwandishi anampa mke nafasi ya kuwa mtu kamili mwenye hasira yake na maswali yake. Mwenzako aliuliza inamhusu nini. Hapo atajikuta amekaa upande ambao hakuutarajia.

Kaka naye asikose chake, maana mtu ukimjibu hoja bila kumpa kitabu umemwacha na njaa. A Seditious Affair ya KJ Charles, ya 2015, iko London ya mwaka 1819 na 1820. Silas ni muuza vitabu anayechapisha maandishi ya uchochezi, Dominic ni afisa wa wizara inayowasaka watu kama Silas. Wanakutana kila Jumatano, wanabishana juu ya siasa na vitabu, na njama halisi ya Cato Street, ya kuwaua mawaziri wa Uingereza, inawakaribia. Ni riwaya ya mapenzi kwa kanuni zote, chumba chake cha kulala ni kikali kuliko vyote nilivyotaja, na swali lake ni zito: unampendaje mtu ambaye kazi yake ni kukufunga? Akitaka ya kale zaidi, mpe The Charioteer ya Mary Renault, iliyotoka Uingereza mwaka 1953 wakati mahakama zikiwa zimefurika kesi za wanaume kama Laurie na Ralph wa kitabu hicho. Marekani haikuichapisha mpaka mwaka 1959. Akitaka mpya, In Memoriam ya Alice Winn, ya 2023, ambamo wavulana wawili wanatoka shuleni kwenda vita vya kwanza vya dunia na gazeti la shule linazidi kujaa majina ya waliokufa. Vifo ni vingi sana humo, kwa hiyo dada asubiri. Lakini aliyesema furaha haina uzito aisome hiyo, aone furaha ikibebwa na watu waliovunjika.

Umeuliza uwapelekee unavyovipenda au vitakavyowafaa. Katika vile unavyovipenda, chagua vitakavyowafaa. Usiweke hata kimoja usichokipenda, watakisikia katika sauti yako. Na orodha iwe fupi: majina sita yanasomwa, majina thelathini yanahifadhiwa tu. Kila jina liandikie mistari miwili mitatu: moyo utaachwaje, chumba cha kulala kimo kiasi gani, kuna jambo gani zito humo ambalo mtu angependa kulijua mapema, na kitu kimoja kidogo kilichokushika wewe, mtu fulani, chumba fulani, sentensi fulani. Sifa kama "cha ajabu" na "kisichosahaulika" ziache. Kila kitabu duniani kimeshaitwa hivyo.

Kile kimoja kilichokurudisha ukurasa wa kwanza usiku uleule, hukukitaja jina, na nadhani najua kwa nini. Usikiweke kuwa kitabu cha zamu. Kikao cha wasomaji ni mahali pa kukifungua kitabu na kukitafuta kasoro, na mtu ana haki ya kusema alichoshwa. Sioni sababu ya wewe kukaa pale ukisikiliza ujana wako ukipewa alama. Kiweke chini kabisa ya orodha, na kando yake andika kwamba hiki kilikulea, anayekitaka aje akiombe kwako. Atakayekuja kukiomba atakuwa ameshajua anaomba nini.

Kitabu cha zamu kiwe Maurice. Nimekizungusha kichwani tangu niliposoma barua yako na sioni kingine kinachowakaa wote. Kaka hawezi kukiita pipi. Dada hatamzika mtu, ingawa umwambie kwamba katikati pana upweke mzito, na daktari, na mtaalamu wa kumlaza mtu usingizi wa bandia (hypnosis) anayejaribu kumgeuza Maurice asiwe alivyo. Yanayotokea usiku hayaelezwi kirefu, hivyo mwenye haya atakaa kikaoni kwa raha. Mwenzako aliyeolewa ataona kasoro ambayo wasomaji wengi huiona, kwamba wanawake wamechorwa kwa wino hafifu, hasa Anne, anayeolewa na Clive, mpenzi wa kwanza wa Maurice, bila kujua chochote, naye alisemee hilo kwa nguvu zote. Kasoro nyingine ni kwamba Alec anaingia kwa kuchelewa mno. Kuna watakaosema hawakupewa muda wa kumwamini. Mimi namwamini, lakini ni hoja ya haki, na itawapa cha kubishania ambacho hakihusu maisha yako.

Mwanzoni mwa kikao, kabla mtu hajatoa maoni, wasomee kwa sauti yale maelezo ya Forster ya 1960, sehemu anayoeleza kwa nini mwisho ulikuwa lazima uwe vile. Yamo nyuma ya matoleo mengi ya kitabu. Kisha mwombe dada azungumze wa kwanza.

Shangazi